Septrini na mapafu: mliotumia au mliohudumia wagonjwa, naomba mpite hapa

#1 Mjomba wa Nzega

Wakuu, habari za jioni. Naomba wajuzi wa dawa wapite hapa, na aliyekutana na jambo hili apite pia.

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa na miaka 17, kidato cha nne. Mkojo ukawa unamchoma. Akapimwa, akaambiwa ni UTI, akaandikiwa Septrini vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku kumi. Mtoto hana pumu, hajawahi kulazwa tangu azaliwe, netiboli anaichezea timu ya shule.

Siku ya nane kikaanza kikohozi kikavu na homa. Siku ya tisa dada akanipigia simu: "Kaka, mtoto anaongea kama mtu aliyetoka kukimbia." Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Akisema maneno matatu anapumzika.

Hospitali wakasema nimonia. Dripu, sindano, oksijeni. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu yote mawili meupe. Makohozi yakapimwa, TB hakuna. HIV hakuna. Sindano zikabadilishwa mara mbili. Kwa siku zote hizo hakuna aliyeuliza, "Alikuwa anatumia dawa gani nyumbani?" Na dada yangu, kwa kuwa aliambiwa dozi isikatishwe, aliendelea kumpa Septrini zilizobaki palepale wodini, akiamini anafanya vizuri.

Alikaa kwenye oksijeni siku 16. Yuko hai, Mungu ashukuriwe, ila akipanda ngazi anasimama katikati.

Sasa wiki iliyopita nimesoma kuhusu madaktari wawili wa hospitali ya watoto ya Children's Mercy huko Kansas, Jenna Miller na Jennifer Goldman. Mwaka 2019 waliandika kuhusu vijana watano waliokuwa wazima, wakapewa Septrini kwa chunusi au UTI, mapafu yakafeli. Nilivyokuwa nasoma ni kama wanamwelezea mpwa wangu. Mimi naamini ni dawa. Nani ana la kusema?

#2 Kasuku wa Mwanga

Pole sana mkuu. Ngoja wajuzi waje.

#3 Jogoo Mkubwa

Pole mjomba. Ila mimi Septrini nimekula tangu darasa la kwanza. Tumbo likiuma Septrini, kidonda Septrini, mafua Septrini. Hata kuku wangu wakianza kuhara nawapondea kwenye maji. Sijawahi kuona mapafu yakiharibika, si yangu wala ya kuku.

#4 Mwana Tandika

Hii habari siyo mpya wakuu. Ni ile dawa ya kupunguza unene iliyoua watu Ulaya kwa ugonjwa wa mapafu, wakafikishana mahakamani. Kumbe ni Septrini?

#5 Dada wa Famasi

Mwana Tandika, umeunganisha mambo mawili tofauti. Dawa za kupunguza unene ni kisa kingine. Ya kwanza ilikuwa aminoreksi, iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani kuanzia 1965, ikaondolewa 1968 baada ya madaktari kuona wagonjwa wa shinikizo la mishipa ya mapafu wanaongezeka ghafla. Ikafuata fenfluramini, iliyoondolewa Marekani mwaka 1997. Kisha Ufaransa wakawa na benfluoreksi, jina la dukani Mediator, iliyouzwa tangu 1976 hadi 2009, na aliyeipigia kelele ni daktari wa mapafu wa mji wa Brest, Irène Frachon. Kule mishipa ya mapafu ndiyo inayobana, moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unachoka, na mgonjwa anadhoofika kwa miezi au miaka.

Anachosimulia mleta uzi ni cha siku chache. Mapafu yenyewe, vile vifuko vidogo vinavyopitisha hewa kwenda kwenye damu, ndivyo vilivyoumia.

Na ndiyo, utafiti anaousema upo. Septrini ni kotrimoksazoli, yaani dawa mbili kwenye kidonge kimoja: sulfamethoksazoli miligramu 400 na trimethoprimu 80. Ndiyo maana kidonge tunakiita cha 480. Iko sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Mwaka 2021 maelezo ya dawa hiyo Marekani yaliongezewa onyo kwamba kuna watu, wakiwemo waliokuwa na afya njema, waliofeli kupumua ndani ya siku au wiki tangu waanze dawa. Wengine walihitaji kubadilishiwa mapafu na wengine walifariki. Ni nadra sana, lakini limeandikwa.

Mjomba, hospitali ile iko Kansas City upande wa Missouri, si jimbo la Kansas. Mji una pande mbili, watu wengi hukosea hapo.

#6 Mjomba wa Nzega

Shukrani dada, nimejifunza. Kwa hiyo siko peke yangu kichwani.

#7 Baba Waridi

Uzi huu umenitoa jasho. Mke wangu anatumia Septrini kila siku, alianzishiwa kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, miezi minne iliyopita pamoja na dawa zake nyingine. Nimesoma hapa, nimeingia chumbani, nimeitoa kwenye kopo nikaiweka juu ya kabati. Sijamwambia bado. Nifanye nini?

#8 Tabibu Mstaafu

Baba Waridi, nenda kairudishe kwenye kopo sasa hivi, halafu urudi usome.

Mimi nimefanya kazi wodini na kliniki miaka 31. Nimeona watu wakifa kwa nimonia ya fangasi, ile ya Pneumocystis, kabla Septrini haijaanza kutolewa kama kinga. Anayekuja na midomo ya bluu leo, kesho kitanda kitupu. Dawa hiyohiyo mnayoiogopa ndiyo iliyolinda mapafu ya watu hao. Zambia walifanya jaribio kubwa kwa watu wazima, matokeo yakatoka 2004: waliopewa Septrini kila siku vifo vilipungua kwa asilimia 43. Jaribio la DART la Uganda na Zimbabwe nalo likaonyesha kwamba wanaoanza ARV wakiwa wamedhoofika, Septrini inapunguza vifo karibu nusu katika mwaka wa kwanza na miezi kadhaa.

Mkeo akiwa na kikohozi kipya, homa, vipele, vidonda mdomoni au pumzi fupi, aende kliniki siku hiyohiyo na aseme "natumia Septrini". Asipokuwa na hayo, anywe dawa yake.

#9 Binti Kilifi

Shikamoo Mzee Tabibu. Nakubaliana nawe ila narekebisha kidogo: ile ya Zambia ilikuwa ya watoto wenye virusi, si watu wazima. Asilimia 43 ni sahihi, na walilisimamisha jaribio mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine dawa.

Huku Kenya kwenye CCC, kliniki zetu za HIV, pia tunaitoa. Dozi ya kinga ni 960 mara moja kwa siku, yaani vidonge viwili vya 480. Mpwa wa mleta uzi alikuwa anapata 960 mara mbili. Kiasi ni maradufu.

#10 Tabibu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Ni kweli, ni watoto. Uzee. Asante.

#11 Baba Waridi

Nimeirudisha. Ameniuliza nilikuwa natafuta nini kabatini, nikamwambia. Amecheka, kisha akanyamaza. Nitamsindikiza kliniki wiki ijayo, nikamuulize nesi mwenyewe.

#12 Ndege Mjanja

Tuwe wakweli. Vijana wa Marekani mwaka 2019 walikuwa wanavuta sigara za umeme, na mwaka huohuo mapafu yao yalifeli kwa mamia. Madaktari wameona mapafu meupe wakatafuta wa kumlaumu, wakakuta kidonge. Mimi nasema ni moshi.

#13 Mama Njeri Ughaibuni

Ndege Mjanja, ile ya sigara za umeme ni kweli ilitokea, lakini ripoti ya Miller na wenzake ilikuwa imeshatoka kabla ya wimbi lile la kiangazi cha 2019 kujulikana. Pia kwenye mapafu ya wagonjwa wa Septrini, waliochunguza vipande vya nyama waliona kitu cha kipekee: utando wa ndani wa vifuko vya hewa umechubuka na mpya hauoti kuziba. Ni kama kidonda kisichofunga.

Mimi ni nesi msaidizi huku Marekani, nyumbani Nyeri. Sijahudumia mgonjwa wa Septrini, lakini nimekaa zamu na wagonjwa walioko kwenye ile mashine inayofanya kazi badala ya mapafu. Bomba nene kama kidole cha mkono linatoa damu shingoni ikiwa nyeusi kama maji ya zabibu, inapita kwenye kichujio, inarudi nyekundu ya kung'aa. Ukikaa pembeni unaona rangi mbili zikipishana kwenye mabomba mawili, usiku kucha. Baadhi ya vijana wale wa ripoti waliishi hivyo kwa wiki nyingi wakisubiri. Kwa hiyo nikisoma habari ya mpwa wa Mjomba kutoka kwa oksijeni tu, nasema Mungu ni mkuu. Na pia najiuliza kama ni ugonjwa uleule, maana wale wa ripoti hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

#14 Mjomba wa Nzega

Mama Njeri, hilo nami limenisumbua. Lakini sisi hatukuwa na mashine wala ICU ya kumpeleka. Kama angezidiwa pale tungemzika na karatasi ingesema nimonia. Wangapi wamezikwa hivyo?

#15 Mtu wa Maabara

Naomba niongeze upande wa jeni. Timu ileile ya Goldman ilitoa utafiti mwingine 2022. Walipima aina za HLA, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kitu cha nyumbani na cha kigeni. Wagonjwa wachache waliopimwa wakakutwa na HLA-B*07:02 na HLA-C*07:02. Alama hizo zinaonekana sana kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Maelezo yangu ni haya: sulfamethoksazoli ikivunjwa na ini inatoa vipande vinavyong'ang'ania protini za mwili. Kwa mwenye alama fulani, kinga inaona protini zile kama adui na kushambulia. Kwa wengi shambulio linaishia kwenye ngozi. Kwa hawa likaenda mapafuni. Ndiyo maana Jogoo Mkubwa amekula miaka 30 hana kitu.

#16 Dada wa Famasi

Mtu wa Maabara, nakubali nusu. Alama ile inabebwa na mamilioni ya watu na wengi wao hawapati chochote wakimeza Septrini. Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi, lazima kuna kitu cha pili. Wapo wanaosema ni kasi ya ini kuisafisha dawa, maana kuna watu wa haraka na watu wa polepole. Wapo wanaosema ni maambukizi yaliyokuwepo mwilini wakati huo. Mimi naegemea urefu wa kozi. Waliopatwa hawakuwa watu wa dozi ya siku tatu.

#17 Papa Kivu

Jambo wote. Huku Goma tunaiita Bactrim, kila mama anayo nyumbani ndani ya boksi la biskuti. Mtoto akikohoa: Bactrim. Akihara: Bactrim. Swali langu: mtoto aliyekuwa anakohoa tayari akapewa Bactrim, kisha pumzi ikakata, mtajuaje ni dawa ama ni kile kikohozi cha mbele?

#18 Tabibu Mstaafu

Papa Kivu, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, na hapo ndipo sisi wa huku tunapokwama. Kwa mpwa wa Mjomba ni rahisi kidogo kwa sababu dawa ilitolewa kwa ajili ya mkojo, kifua kilikuwa kizima. Kikohozi kimekuja nyuma ya dawa. Lakini mgonjwa aliyeanza na kikohozi, nikimpa Septrini akazidiwa, mimi tabibu nitaandika "nimonia imeshindikana". Nimeandika hivyo mara nyingi. Sitasema zote zilikuwa nimonia.

#19 Mwalimu wa Zamu

Mnakumbuka Fansida? Agosti 2001 serikali ya Tanzania ilipoachana na klorokwini kwa malaria ikaleta SP, yaani hiyo Fansida, mtaani watu waliogopa kuliko malaria yenyewe. Jirani yetu ngozi ilibabuka mgongoni kama aliyemwagiwa uji wa moto, macho yakafunga. Baba yangu hakuimeza tena hadi dawa ya mseto ilipokuja.

#20 Dada wa Famasi

Mwalimu, umegusa palepale. Fansida nayo ina salfa, kundi la dawa lenye ile sulfamethoksazoli, kwa hiyo ni ndugu wa Septrini. Kubabuka huko kunaitwa Stevens-Johnson na Septrini huleta pia. Ndiyo maana mtu akisema "nina aleji ya salfa" asibishiwe. Na ndiyo maana mama mjamzito anayetumia Septrini kila siku hapewi SP ya kukinga malaria kliniki.

#21 Kasuku wa Mwanga

Kwa hiyo wajawazito wanaomezeshwa vile vidonge vitatu kliniki nao wako hatarini mapafu?

#22 Binti Kilifi

Hapana Kasuku, tusivuke mto kwa hofu. Ripoti za mapafu tunazozungumzia ni za kotrimoksazoli. SP kwa wajawazito ni vidonge vitatu kwa mara moja, na faida yake kwa mama na mtoto inajulikana.

Nikiongeza: kwa UTI kuna dawa nyingine, nitrofurantoini, nayo ina historia ndefu na mapafu. Wengine hupata homa na kikohozi siku chache baada ya kuianza. Wengine, hasa wazee wanaoitumia miezi na miezi kuzuia UTI isirudi, mapafu huanza kukakamaa taratibu. Mama yangu mzazi aliitumia karibu mwaka mzima. Alikuwa anakohoa, sote tukasema ni vumbi la shamba. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliuliza swali moja tu: "Mama, unameza nini kila siku?" Ikasimamishwa, kikohozi kikapungua ndani ya wiki chache. Hakikuisha chote, ila sasa anachota maji mwenyewe.

Swali hilo moja. Mjomba hakupata mtu wa kuliuliza.

#23 Jogoo Mkubwa

Sasa mmenitia wasiwasi. Na wale kuku? Mtu akila nyama ya kuku niliyempa Septrini jana, si anapata salfa bila kujua?

#24 Mwana Tandika

Jogoo, kila uzi wewe lazima uingize banda lako. Juzi kwenye uzi wa bei ya saruji ulileta kuku hivihivi.

#25 Mtu wa Maabara

Mwacheni, swali lake ni zuri. Dawa za wanyama zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kula mayai, na mwenye aleji kali ya salfa ana sababu ya kujali mabaki hayo. Jogoo, achana na vidonge vya binadamu, nenda duka la mifugo uulize dawa ya kuku na siku zake za kusubiri. Tena ukiwapa kiholela wadudu wanazoea dawa, kisha mtoto wako akiugua haifanyi kazi.

#26 Jogoo Mkubwa

Nimesikia mkuu. Kesho naenda kuuliza. Mwana Tandika, siku ya sikukuu usije kuomba supu.

#27 Mpemba Muscat

Assalam alaykum. Mimi nina rai nyengine. Je, dawa yenyewe ilikuwa salama? Kuna vidonge vya chini ya kiwango, kuna vilivyokaa juani. Mleta uzi, vidonge vile vilinunuliwa wapi, na mnayo stripu yake? Huenda tunailaumu Septrini ilhali ni kitu kilichochanganywa ndani.

#28 Mjomba wa Nzega

Waalaykum salaam. Vilinunuliwa duka la dawa la mtaani. Dada yangu hatupi kitu, kibahasha anacho hadi leo. Ni kile cha karatasi nyeupe, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu "2x2" na jina la mtoto limekosewa herufi. Ndani kuna kipande cha stripu, vidonge vyote vimetumika. Nimekiangalia kwa tochi ya simu: mkasi umepita palepale zilipokuwa namba za toleo. Zimebaki herufi mbili na nusu ya tarakimu.

#29 Dada wa Famasi

Hilo la mkasi linaniuma kila siku. Mteja ana hela ya vidonge kumi, muuzaji anakata stripu, upande wenye tarehe na namba unabaki kwa mteja wa mwisho au unaenda kwenye ndoo ya taka. Ikitokea shida hatuna pa kuanzia. Mimi siku hizi nikikata, naandika namba ya toleo nyuma ya bahasha. Inachukua sekunde kumi.

Mjomba, hata bila namba bado inawezekana kuripoti. Kuna fomu ya njano ya madhara ya dawa, inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Haihitaji uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka inatosha. Peleka kibahasha, cheti cha kuruhusiwa na ile picha ya kifua kituo cha afya, omba wakujazie.

#30 Binti Kilifi

Kenya pia ya madhara ni ya njano, na ile ya dawa yenye ubora wa mashaka ni ya waridi, zote za Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa hoja ya Mpemba ningejaza zote mbili.

#31 Ndege Mjanja

Narudi. Nimesoma tarehe alizosema Mama Njeri, kwa hiyo moshi nauondoa kwa wale watano. Ila bado siridhiki na kitu kimoja. Mamilioni ya watu Afrika wanameza Septrini kila siku miaka mingi. Kama inaua mapafu, mbona hatuwaoni?

#32 Mtu wa Maabara

Kwa sababu alama ile ya HLA ni chache zaidi kwetu.

#33 Tabibu Mstaafu

Kwa sababu hatuchunguzi maiti.

#34 Binti Kilifi

Au kwa sababu wanaotumia kila siku wako kwenye dozi ndogo, tena wengi walianza dawa kinga yao ya mwili ikiwa imeshuka, na kinga iliyoshuka huenda haina nguvu ya kushambulia hivyo.

#35 Dada wa Famasi

Binti Kilifi, hoja yako inagongana na jambo moja: Ulaya na Marekani wagonjwa wa HIV ndio waliopata vipele vya salfa zaidi kuliko watu wengine. Kinga imeshuka, lakini vipele viliongezeka.

#36 Binti Kilifi

Kweli. Na huku Afrika vipele kwa wagonjwa haohao vimekuwa vichache. Basi sijui nishike lipi, dada. Labda Mtu wa Maabara ana haki na Mzee Tabibu ana haki kwa wakati mmoja.

#37 Mama Njeri Ughaibuni

Kitu kimoja nataka Mjomba akiweke moyoni. Kwenye kadi ya mtoto, daftari la kliniki, popote, iandikwe kwa kalamu isiyofutika: asipewe Septrini tena, wala dawa yoyote ya salfa bila daktari kujua habari hii. Hata kama sisi hapa hatukubaliani sababu. Akienda chuo mji mwingine akapata UTI, mtu atamwandikia ileile.

#38 Mjomba wa Nzega

Nimempigia dada sasa hivi. Ameandika kwenye jalada la daftari la kliniki na ndani ya Biblia ya mtoto, maana hiyo ndiyo haachi nyumbani.

#39 Baba Waridi

Mrejesho wakuu. Tumeenda kliniki. Nesi alitusikiliza bila kutukemea. Amemwangalia ngozi, mdomo, amempima oksijeni kwa kile kibanio cha kidole, ikasoma 98. Akasema aendelee na dawa, na ametuandikia dalili nne za kurudi nazo haraka. Mke wangu amezibandika ukutani karibu na kalenda. Mzee Tabibu, shukrani kwa kunifokea.

#40 Tabibu Mstaafu

Nimefurahi mwanangu. Msalimie.

#41 Mjomba wa Nzega

Nami nimerudi. Jana nilikwenda kituo cha afya na kibahasha na picha ya kifua. Mfamasia aliyekuwepo alitumia karibu saa nzima. Fomu imejazwa. Aliuliza siku ya kidonge cha kwanza, siku ya kikohozi, dawa nyingine alizokuwa anatumia, kama kuna ndugu mwenye aleji. Dada akakumbuka kwamba bibi yetu mzaa mama alikuwa akivimba macho akimeza dawa za salfa, tukiwa wadogo tukaambiwa karogwa. Hilo nililisikia jana kwa mara ya kwanza.

Sehemu ya namba ya toleo imebaki wazi. Mfamasia alikipiga picha kipande cha stripu pande zote mbili, akasema atajaribu.

#42 Mpemba Muscat

Mashallah, umefanya la maana. Lakini yule muuzaji wa dukani, bado yupo? Nusu ya pili ya stripu ile aliiuza kwa mtu. Huenda daftari lake la mauzo lina tarehe.

#43 Mjomba wa Nzega

Yupo. Sikuwaza hilo. Jumatatu asubuhi naenda.